Mbwa mzee anakojoa ndani baada ya kuhama: safari za nje, beseni la mchanga, nepi au banda la uani?

Popi ana miaka 11. Karibu maisha yake yote aliishi Mayungu, katika nyumba yenye ua wa mchanga chini ya mikorosho, mlango wa jikoni ukiwa wazi kutwa. Hatukumfundisha kwenda haja. Alitoka mwenyewe, akaenda kwenye pembe yake nyuma ya tangi la maji, akarudi kulala. Mwezi wa nne tulihamia Malindi mjini, ghorofa ya pili, vigae kila chumba. Usiku wa kwanza alikojoa mbele ya mlango wa choo. Usiku wa pili akalowesha mkeka wa sebuleni. Wiki haijaisha, nikawa naamka usiku na tochi ya simu, napapasa sakafu kwa miguu kutafuta palipolowa.

Nilimgombeza, na najuta. Alilaza masikio, na tangu siku hiyo akawa anakwenda kukojoa nyuma ya kochi, nisipomwona. Mbwa anayegombezwa baada ya kumaliza haelewi kwamba amekosea mahali. Anachoelewa ni kwamba kukojoa mbele yako ni hatari. Basi ukimtoa nje na kamba, hujizuia kwa sababu umesimama karibu naye. Mkirudi ndani, hujificha akakojoa. Nilijitengenezea tatizo la pili juu ya lile la kwanza.

Jibu nililipata jioni moja tukipita penye kiwanja kinachojengwa karibu na kwetu. Palikuwa na fungu la mchanga wa mafundi kando ya njia. Popi, ambaye kutwa nzima alikuwa ameikataa lami, saruji na nyasi za pembeni, alinivuta kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, akapanda juu ya lile fungu akakojoa, akakojoa, hata nikamwonea huruma. Hapo nikaelewa. Mbwa hajui kanuni ya kwamba nyumba si choo. Anajua mahali, na anajua kile anachokikanyaga. Nyayo za Popi zilikuwa zimejua mchanga kwa miaka yote hiyo, nasi tulimleta penye vigae, ngazi na lami, tukatarajia aelewe.

Kwa hiyo njia zote ninazozilinganisha hapa napima kwa swali moja: je, zinamfikisha mbwa mzee kwenye kitu anachokijua kabla miguu na kibofu havijamshinda?

Kwanza daktari wa mifugo

Usichague njia yoyote kabla ya hapa. Mbwa mzee aliyekaa miaka bila kosa kisha akaanza kukojoa ndani huenda ni mgonjwa, na kuhama kumelifichua tu jambo lililokuwa limeanza. Mayungu, kama Popi alikuwa akitoka mara kumi kwa siku, nani angehesabu?

Pima maji anayokunywa. Jaza chupa ya lita mbili asubuhi, mimina bakulini kutoka kwenye hiyo tu, kesho yake angalia kilichobaki. Mbwa mwenye afya hunywa takriban mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na joto letu la mwezi wa pili na wa tatu humfanya azidishe. Akipita mililita 100 kwa kila kilo, kuna jambo: figo, kisukari, au tezi zilizo juu ya figo. Popi ana kilo 18. Kwake lita moja ni kawaida. Siku ikifika lita 1.8 nampeleka kwa daktari bila kungoja. Na nasema hili kwa mkazo: usimnyime maji ili asikojoe. Mbwa mwenye figo dhaifu akikosa maji kwenye joto la Malindi anaweza kufa.

Angalia pia namna anavyokojoa. Anayekojoa kidogo kidogo, mara kwa mara, akijikamua, au mkojo una damu, huenda ana maambukizi ya kibofu. Anayeacha alama ya maji pale alipolala, bila hata kujua, mara nyingi ni jike aliyefungwa uzazi ambaye msuli wa njia ya mkojo umelegea. Hilo lina dawa ya kila siku, na wengi hupata nafuu nzuri, kwa hiyo ni huzuni kuona mbwa wa aina hiyo akifukuzwa nyumbani kwa kosa ambalo hakulifanya. Mwingine ubongo umeanza kuzeeka: usiku hatulii, hutazama ukuta, husimama upande wa bawaba za mlango badala ya upande unaofunguka, hutoka nje akasahau alitokea nini. Huyo naye usimwite mkaidi.

Daktari atataka mkojo. Mimi nilitumia upawa wa zamani ulioshwa kwa maji ya moto: alfajiri, Popi alipochuchumaa, nikauingiza chini taratibu kutoka nyuma, nikamimina kwenye chupa safi. Upeleke ndani ya saa moja au mbili, au uweke kwenye friji.

Popi hakuwa na maambukizi. Alikuwa na baridi yabisi kwenye miguu ya nyuma, na ngazi zetu ni 32. Alipewa dawa ya maumivu ya mbwa. Naitaja kwa makusudi kuwa ni ya mbwa, maana najua wapo wanaokimbilia dawa zao wenyewe za mgongo: diklofenaki na ibuprofeni humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Usimpe hata nusu kidonge.

Safari za nje

Hii ndiyo njia ya kumrudisha shule kama mtoto, na mbwa mzee hujifunza vizuri tu. Unamtoa kwa saa maalumu, mahali pale pale, kwa mlango ule ule, kwa neno lile lile. Sisi tunasema "twende mchanga." Akimaliza, papo hapo, kabla hajapiga hatua, anapewa kipande cha samaki kisicho na mwiba na anasifiwa. Ukichelewa mpaka mfike mlangoni, hajui tena anatunukiwa kwa lipi.

Saa tulizipata bila kutega simu. Mjini kwetu adhana zinasikika mara tano kwa siku, na kwa kuwa Malindi iko karibu na ikweta nyakati zake hazisogei sana mwaka mzima. Alfajiri anatoka. Adhuhuri anatoka. Alasiri, magharibi, isha. Kila mtu nyumbani anaisikia, hata mtoto wa miaka saba anajua kuuliza kama Popi ametoka. Ila ratiba hiyo ina mapengo mawili ambayo mbwa mzee hawezi kuyabeba. Kuanzia alfajiri hadi adhuhuri ni zaidi ya saa saba, ilhali yeye mchana anahitaji kutoka kila baada ya saa nne hadi sita. Tukaongeza safari ya saa mbili asubuhi, mara tu baada ya kula, maana tumbo likijaa, haja hufuata. Pengo kubwa ni la usiku, kutoka isha mpaka alfajiri, saa tisa na zaidi. Tukaongeza saa tano usiku. Hata hivyo karibu saa tisa za usiku alikuwa anaamka.

Uzuri wa safari za nje ni kwamba mbwa anabaki na fikra moja: haja ni nje. Anatembea, na viungo vya mzee vinahitaji kutembea kidogo kidogo. Gharama yake ni ndogo, kamba na muda wako. Ubaya wake uko kwenye ngazi. Popi alikuwa anaanza kushuka vizuri, akifika katikati kibofu kinamshinda, analowesha ngazi za watu wote.

Jirani wa chini, mama wa makamo, alinisimamisha asubuhi moja.

"Mwanangu, mbwa wako simchukii. Ila ngazi hizi twapita na udhu wetu twenda kuswali."

"Nisamehe, mama. Naziosha sasa hivi."

"Osha, lakini mtafutie na njia nyengine. Ni mzee huyo, na miguu mibovu. Wamtesa."

Alikuwa na haki mara mbili. Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Shafii, na humo najisi ya mbwa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Mkojo wa mbwa kwenye ngazi ya pamoja unamwekea jirani mzigo ambao hakuutaka, hata ukiufuta ukang'aa. Kama unaishi ghorofani au kwenye nyumba za ua mmoja, liweke hili katika hesabu zako tangu siku ya kwanza, na umwendee jirani kabla hajakujia. Na alikuwa na haki kuhusu miguu. Tukaanza kumshusha Popi kwa leso: unaikunja iwe utepe mpana, unaipitisha chini ya tumbo mbele ya miguu ya nyuma, unashika ncha mbili juu, unambebea nusu ya uzito. Kwa mbwa wa kilo 18 inawezekana. Kwa mbwa wa kilo 40, na wewe mwenyewe una mgongo, usijidanganye kwamba utaifanya mara saba kwa siku.

Beseni la mchanga

Yule mama ndiye aliyenisukuma kwenye njia ya pili. Kama mbwa hawezi kufika kwenye mchanga, mchanga ufike kwa mbwa.

Fundi seremala alitutengenezea fremu ya mbao, upande mmoja ukiwa mfupi kama upana wa vidole vinne ili asilazimike kunyanyua mguu. Chini tukatandika nailoni nzito iliyopanda mpaka kingoni, juu mchanga wa kina cha sentimita tano hivi. Ukubwa ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: lazima asimame na miguu yote minne ndani, ageuke mara mbili, ndipo achuchumae. Beseni la kufulia nguo halitoshi kwa mbwa, labda yule mdogo kama paka. Tukaliweka roshani.

Mchanga wa kwanza nilirudi kuuchukua Mayungu. Niliomba ruhusa kwa aliyehamia, nikachota ndoo mbili nyuma ya tangi la maji, pale pale penye harufu yake. Popi alipouona aliunusa kwa muda mrefu sana, mkia ukienda polepole, kisha akapanda. Sikumwelekeza. Usiku ule vigae vilikuwa vikavu. Baada ya wiki tulianza kutoa mchanga kidogo na kuongeza mwingine wa kununua, mpaka ukabaki mpya wote.

Ukiweka njia hizi mbili pamoja, beseni linashinda usiku, linashinda kwa miguu mibovu, linashinda masika mvua inaponyesha siku tatu mfululizo. Kwa mbwa ambaye ubongo umeanza kupotea ni bora zaidi, kwa sababu liko karibu na halihitaji kukumbuka njia ndefu. Linashindwa kwa harufu: usipoondoa mchanga uliolowa kila asubuhi na kubadilisha wote kila wiki, roshani yako itanuka, na majirani watakuambia. Pia linamfundisha mbwa kwamba haja ndani inawezekana, jambo ambalo kwa mbwa mwenye miguu mizima si la lazima. Huyo mtoe nje tu.

Kuna hatari nyingine ya mchanga. Mbwa mwenye minyoo ya safura huacha mayai kwenye kinyesi, mchanga wenye unyevu na joto huyaangua, na mabuu hupenya ngozi ya miguu ya mtoto aendaye pekupeku, yakaacha mstari mwekundu unaowasha na kusogea siku hadi siku. Mpe mbwa dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari, toa kinyesi siku ile ile, na watoto wasilikaribie lile beseni. Kama kwenu kuna funza, mchanga ule mkavu wa ua wa zamani uanike kwanza juani kwenye bati siku nzima. Na hakikisha hakuna tone linalovuja kwenda roshani ya chini. Sisi tulimwaga ndoo ya maji safi ndani kujaribu nailoni kabla ya kuweka mchanga.

Nepi

Nepi inamfaa anayevuja bila kujua. Haimfundishi mbwa chochote, na kumvika mbwa ambaye shida yake ni kutojua mlango ni kumnyima nafasi ya kujifunza. Za watoto zinafanya kazi ukikata tundu la mkia. Kwa dume hutosha mkanda wa kitambaa kuzunguka tumbo, wenye pedi ndani. Kwa unyevu wa hewa ya pwani ngozi huchubuka upesi, kwa hiyo badilisha kila baada ya saa tatu au nne, osha, kausha kabisa, na mpe saa kadhaa bila nepi. Hesabu gharama ya mwezi mzima kabla ya kuanza. Mimi ningeitumia kwa safari au wageni wakija.

Banda la uani

Hili ndilo shauri nililopewa na watu wengi: mbwa ni wa nje, mweke nje. Kwa mbwa aliyelala nje maisha yake yote, na nyumba mpya ina ua wenye ukuta na geti, kivuli cha mchana na banda lisiloingia mvua, hilo ni jibu jema kuliko yote niliyoyataja. Ana ardhi, hana ngazi, hana vigae. Mtengenezee banda lenye sakafu iliyoinuliwa, tandika gunia, mkague kupe kila siku, maana kupe wa huku huleta homa inayomaliza damu.

Lakini kwa mbwa aliyezoea kulala miguuni pa watu, kumtoa uani katika wiki ile ile aliyopoteza nyumba yake ni kumpokonya kila kitu kwa mpigo. Atalia usiku, atakwaruza mlango, na akipata upenyo ataondoka kutafuta nyumba ya zamani. Kutoka mjini mpaka Mayungu kuna barabara yenye tuktuk, bodaboda na magari ya Watamu. Mbwa asiyesikia vizuri hafiki. Kama huna budi kuchagua banda, anza na mchana, kisha jioni, umkalie karibu. Na chanjo ya kichaa cha mbwa iwe ya mwaka huu, cheti kikiwa mkononi.

Sakafu, kwa njia zote nne

Pale ambapo mbwa amewahi kukojoa, pua yake inamwambia ndipo mahali. Kwa hiyo hakuna njia itakayofaulu kama alama za zamani zimebaki, zikiwemo za mbwa au paka wa mpangaji aliyetangulia. Vigae ni rahisi, shida ni chokaa ya katikati yake. Saruji tupu hunywa mkojo. Nyonya kwanza kwa magazeti au matambara, suuza kwa maji, kisha mwaga siki iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, iache dakika kumi, futa. Baada ya hapo tumia sabuni ya unga yenye vimeng'enya (enzaimu). Usitumie sabuni ya sakafu yenye amonia, harufu yake inafanana na ya mkojo. Na usimwage dawa ya klorini, jiki na wenzake, juu ya mkojo au juu ya siki: mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu, hasa chumba kikiwa kimefungwa.

Vaa glavu. Mkojo wa mbwa anayekunywa maji ya madimbwi unaweza kubeba vijidudu vya leptospirosisi, ule ugonjwa ambao wenzetu wa Tanzania waliuita homa ya mgunda ulipozuka Lindi mwaka 2022. Ipo chanjo yake kwa mbwa. Muulize daktari anayekuchanjia.

Vigae vyenyewe pia vinateleza, na mbwa mzee anayeogopa kuteleza huchelewa kuinuka mpaka kibofu kinamshinda. Tulitandika magunia kutoka anapolala mpaka roshani, njia moja iliyonyooka. Mkeka wa ukindu tuliujaribu, ukateleza pamoja naye. Taa ndogo ikaachwa inawaka usiku karibu na mlango wa roshani, kwa sababu macho yake yana ukungu.

Nani achague lipi

Kama miguu ni mizima na unaishi chini, chagua safari za nje peke yake na uvumilie. Kwetu ratiba ilishika wiki ya tatu. Kama kuna ngazi na baridi yabisi, changanya: safari mchana kwa leso, beseni usiku. Hivyo ndivyo tunavyoishi na Popi sasa, na tangu hapo ngazi za jirani hazijalowa. Anayevuja usingizini apate dawa kwanza, nepi baadaye. Aliyezoea ua na ua upo, banda. Kama unafanya kazi nje kutwa na hakuna mtu nyumbani adhuhuri, beseni ni la lazima hata kwa mbwa mwenye nguvu, maana hutakuwepo kumtoa. Na kama wiki ya nne imefika bila mabadiliko yoyote, rudi kwa daktari na daftari la maji na saa alizokojoa.

Kwa ambaye bado hajahama na ana mbwa mzee, funguo usizikabidhi kabla ya kuchota. Ndoo mbili za mchanga, au udongo, au nyasi na mizizi yake, kutoka mahali pake hasa, zifunikwe kwa gunia bichi, zipande gari moja na mbwa. Zitangulie kuingia nyumba mpya, kabla ya kitanda, kabla ya sufuria, ili unapomfungulia mlango azikute.